Picha ya Rangi za Maji Ikipakwa Nta: Kinachookoka na Kinachopotea

Wachoraji wa rangi za maji wana swali ambalo halijapata jibu moja: picha iliyokwisha kukauka inaweza kupakwa nta, ikatundikwa ukutani bila kioo, na bado ikadumu? Wanaofundisha njia hiyo Marekani na Uingereza wanasema inawezekana, na kazi zao wenyewe ndizo ushahidi wao. Wahifadhi wa makumbusho wanakataa, tena kwa msisitizo. Katikati yuko mchoraji aliyemaliza kazi yake, hana fedha za fremu ya kioo, na mkononi ana kopo la nta ambalo lebo yake inaahidi kinga.

Mkanganyiko huu una sababu mbili. Kwanza, chini ya jina la nta wamewekwa ndugu wawili wasiofanana tabia. Ipo nta ya moto, yaani nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na ulimbo na kupakwa ikiwa bado majimaji. Ipo pia nta baridi, iliyolainishwa kwa kiyeyushi hadi ikapakika kwa kitambaa bila kuguswa na moto. Mtu akisifu moja na mwenzake akilaumu nyingine, wote wawili wanaweza kuwa sahihi bila kujua kwamba hawazungumzii kitu kimoja. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Watu huuliza kama nta inalinda, lakini hawasemi inalinda dhidi ya nini. Picha ya karatasi inaandamwa na maji, vidole, vumbi, wadudu, kuvu na mwanga, na hakuna kinga moja inayowazuia hao wote.

Kwa nini rangi za maji zilizoea kioo

Rangi ya maji ni unga wa rangi uliofungwa kwa gundi ya mgunga, ile inayokusanywa kwa wingi Sudan na katika ukanda wa Saheli. Gundi hiyo huyeyuka katika maji, na haipotezi tabia hiyo hata picha ikifikisha miaka mia. Hilo linampa mchoraji uhuru wa kulowesha sehemu iliyokauka na kuiinua rangi kwa brashi. Hilo hilo linaifanya picha iharibiwe na tone la mvua au chafya ya mgeni. Tabaka la rangi nalo ni jembamba mno. Rangi ya mafuta ikikauka hutengeneza ngozi yake yenyewe, ilhali unga wa rangi za maji umelala juu ya nyuzi za karatasi na ndani ya vinyweleo vyake ukiwa karibu wazi.

Kwa hiyo desturi iliyojengeka ni kuzungushia picha kadi nyeupe isiyo na asidi, kuweka kioo mbele, na kufunga yote katika fremu. Jumuiya kongwe za fani hii, ya London iliyoanzishwa mwaka 1804 na ya New York ya mwaka 1866, zimekulia ndani ya desturi hiyo.

Kioo kina gharama zake. Kioo cha milimita 2 chenye upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 80 kina uzito wa takriban kilo 2.4, kabla ya kuhesabu fremu na ubao wa nyuma. Kikipasuka safarini, vipande vyake huikata picha iliyokuwa chini ya ulinzi wake. Kioo cha kawaida pia hurudisha kiasi cha asilimia 8 ya mwanga unaokipiga, hivyo mtazamaji aliyesimama mkabala na dirisha huliona dirisha kabla hajaiona picha. Akriliki ngumu ni nyepesi, karibu nusu ya uzito wa kioo, lakini huchubuka upesi na huvuta vumbi.

Kuna sababu nyingine ambayo wachoraji huitaja kwa sauti ya chini, nayo ni soko. Wanunuzi wengi wamezoea kuiona rangi ya maji kama hatua ya kuelekea kwenye kazi yenyewe, na kioo kinawathibitishia dhana hiyo. Picha iliyobandikwa juu ya ubao, ikapakwa nta na kuachwa wazi, hutazamwa kama inavyotazamwa rangi ya mafuta. Mchoraji hana kosa kutaka heshima hiyo. Ila anapaswa kujua kwamba sehemu ya mvuto wa nta inatoka kwenye bei, na hoja ya bei isivishwe vazi la hoja ya uhifadhi.

Nta inapokutana na karatasi

Karatasi inaonekana nyeupe kwa sababu nyuzi zake zimetenganishwa na hewa. Mwanga unapotoka kwenye hewa na kuingia kwenye uzi, kisha kutoka tena, hupinda na kutawanyika pande zote, na mtawanyiko huo ndio weupe tunaouona. Kadiri tofauti ya upindaji kati ya vitu viwili inavyokuwa kubwa, ndivyo mwanga unavyotawanyika zaidi. Kipimo cha hewa ni 1.00, cha nyuzi za karatasi kinakaribia 1.5, na cha nta ya nyuki ni kama 1.44. Nta ikijaza nafasi zilizokuwa na hewa, tofauti hiyo karibu inafutika. Mwanga unapenya badala ya kurudi. Ni kile kile kinachotokea kwenye karatasi iliyofungiwa maandazi ya moto: palipoguswa na mafuta panakuwa peusi kidogo na panapitisha mwanga.

Hapa ndipo suala zima lilipo. Katika rangi za maji hakuna rangi nyeupe inayopakwa, au ipo kidogo sana, kwa kuwa weupe wa picha ni weupe wa karatasi yenyewe. Mwanga hupita kwenye tabaka jembamba la rangi, hugonga karatasi, na kurudi kwa mtazamaji ukiwa umepata rangi hiyo. Nta inayozama ndani ya nyuzi inagusa chanzo cha mwanga wa picha. Nta inayobaki juu, kwa kuwa kuna kitu kilichoizuia kuzama, hubadilisha mng'ao wa uso tu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni nta gani, swali la kwanza linapaswa kuwa: itaishia wapi?

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua nta katika sanaa kupitia batiki, ambamo nta huzuia rangi isiingie kwenye kitambaa, kisha huondolewa kwa maji ya moto. Katika picha ya karatasi mpangilio umegeuzwa. Rangi inatangulia, nta inafuata, na hakuna hatua ya kuiondoa.

Hoja ya kale na udhaifu wake

Watetezi wa nta hupenda kuanzia Misri. Picha za sura za watu zilizowekwa juu ya maiti waliohifadhiwa huko Fayum, nyingi zikiwa za karne ya 1 hadi ya 3, mara nyingi zilichorwa kwa nta yenye rangi juu ya mbao, na hadi leo macho yake yanang'aa. Katika monasteri ya Mtakatifu Katerina, Sinai, ipo ikoni ya Kristo ya karne ya 6 iliyochorwa kwa njia hiyo. Wanauliza: kama nta imedumu zaidi ya miaka 1,700, kwa nini tuiogope?

Hoja hiyo inavutia lakini haifiki mbali. Katika kazi za Fayum nta ndiyo gundi yenyewe, na kila chembe ya rangi imezungukwa nayo tangu mwanzo. Chini yake kuna ubao, kitu ambacho hakitegemei weupe wake kutoa mwanga. Tena nyingi zilikaa gizani, katika mchanga mkavu wa jangwani, na hakuna sebule inayoweza kuahidi mazingira kama hayo.

Ushahidi wa kale ulio karibu zaidi na suala letu unatoka kwa Vitruvius, msanifu wa majengo wa Roma. Alieleza kwamba ukuta uliopakwa rangi nyekundu itokanayo na madini ya zebaki huwa mweusi ukipigwa na jua, na akashauri upakwe nta iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, upashwe joto kwa makaa, kisha usuguliwe kwa mshumaa na kitambaa safi. Hiyo kweli ni nta juu ya rangi iliyokwisha kukauka. Lakini ukuta wa lipu si karatasi, na ukuta unaweza kupakwa rangi upya.

Mfano wa karibu zaidi na zama zetu hautajwi sana, ingawa ndio unaofundisha zaidi. Mwaka 1851, huko Amsterdam, Nicolaas Hopman aliubandikia mchoro wa Rembrandt uitwao Doria ya Usiku kitambaa kipya kwa nyuma kwa kutumia nta na ulimbo vya moto. Njia hiyo ilienea Ulaya, ikasifiwa kwa kuzuia unyevu. Baadaye ilionekana kwamba nta huzama ndani ya turubai na tabaka la chini la picha, inatia giza kazi zenye msingi mweupe, na haiwezi kutolewa yote. Wahifadhi walipokutana Greenwich mwaka 1974 kujadili njia za kubandika turubai, imani katika njia ya nta ilikuwa tayari inayumba, na baada ya hapo ikazidi kuachwa. Wahifadhi wa leo wanaposita mbele ya nta, wanakumbuka kazi zilizotiwa nta na watangulizi wao kwa nia njema.

Msimamo wa wahifadhi

Kanuni ya wahifadhi ni fupi: usiongeze juu ya kazi kitu usichoweza kukiondoa. Kioo kinatimiza kanuni hiyo kikamilifu. Kikichafuka kinafutwa, kikipasuka kinabadilishwa, na kikipatikana bora kinawekwa hicho. Vioo vya kisasa vyenye kichujio vinazuia sehemu kubwa sana ya mionzi ya urujuanimno, na aina nyingine zimepunguziwa mng'ao hadi jicho linasahau kuwa kioo kipo.

Udhaifu wa msimamo huu si wa kisayansi. Umejengwa kwa mazingira ya jengo lenye kiyoyozi, fundi wa fremu aliyesomea kazi yake, na bajeti. Mchoraji wa Mombasa au Bujumbura anayeuza picha kwa bei ya chini hawezi kununua kioo cha makumbusho kinachozidi thamani ya picha yenyewe. Akiambiwa achague kioo hicho au aache, kwa kawaida ataishia na kioo cha dirisha kilichogusana na karatasi, na ubao wa nyuma wenye asidi. Picha iliyogandamizwa kwenye kioo bila nafasi ya hewa hushika unyevu na baadaye hunata. Ushauri usiotekelezeka una madhara yake.

Msimamo wa nta baridi

Hapa ndipo penye watetezi wengi, na pia ndipo utendaji wa makini na wa ovyo unapochanganyika.

Njia ya makini huenda hivi. Karatasi hubandikwa kwenye ubao mgumu uliozibwa ili asidi ya mti isipande juu, au mchoraji hutumia tangu mwanzo ubao wenye tabaka la udongo, kama Aquabord ya Ampersand, uliotengenezwa kwa ajili ya rangi za maji. Picha ikikauka kabisa hupulizwa vanishi ya akriliki iliyoyeyushwa kwa kiyeyushi cha petroli, matabaka kadhaa mepesi, moja likikauka kabla ya jingine. Vanishi ikikomaa, nta baridi kama ile ya Gamblin au Dorland's hupakwa kidogo sana kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, huachwa, kisha husuguliwa taratibu hadi itoe mng'ao mpole.

Kila hatua ina sababu yake. Vanishi yenye kiyeyushi cha petroli inafaa kwa kuwa gundi ya mgunga haiyeyuki ndani yake, wakati vanishi ya maji ikipakwa kwa brashi itailowesha rangi na kuiburuta. Inapulizwa kwa sababu brashi ingegusa unga ulio wazi. Inatangulia nta ili izibe vinyweleo na kuizuia nta kuzama. Nta inakuja mwisho kwa sababu hakuna vanishi itakayoshika vizuri juu ya nta. Anayeanza na nta amefunga mlango wa kinga nyingine zote.

Nguvu ya njia hii ni ya kweli. Uso hauogopi tone la maji wala kitambaa kikavu cha kufutia vumbi. Mng'ao wa kioo haupo. Picha ni nyepesi kusafirisha. Weusi wa rangi kama indigo na kahawia iliyoungua, ambao hufifia na kuwa kijivu rangi ikikauka, hurudi kuwa mzito kama ulivyokuwa rangi ilipokuwa mbichi, na wachoraji wengi huvutiwa na jambo hilo kuliko kinga yenyewe.

Udhaifu wake pia ni wa kweli. Karatasi hainywi vanishi kwa usawa: palipopakwa rangi nzito panakunywa kidogo, palipoachwa weupe au palipokwanguliwa panakunywa zaidi, na nta ikija juu yake inatoa mabaka. Rangi zenye chembe nzito zinazokaa juu ya karatasi, kama bluu ya altramarini, zinaweza kung'olewa na kitambaa ikiwa vanishi haikutosha. Uso wa nta ni laini. Ukucha unaacha alama, na vumbi la barabarani linanata. Nta ya juu inaweza kupunguzwa kwa kiyeyushi na kupakwa upya, lakini kiyeyushi hicho hicho kinalegeza vanishi iliyo chini. Vanishi ambayo kopo lake linasema inaondoleka huondoleka ikiwa juu ya rangi ya mafuta. Ikiwa imezama kwenye nyuzi za karatasi, sehemu yake itabaki humo. Na gundi iliyobandika karatasi kwenye ubao ilikuwa imeshafunga njia ya kurudi kabla hata kopo la vanishi halijafunguliwa.

Njia ya ovyo ni ile inayoenea zaidi kwa sababu ni rahisi: kuchukua nta baridi na kuisugua moja kwa moja juu ya karatasi tupu. Kiyeyushi kinaibeba nta hadi ndani ya nyuzi, kisha kinaruka na kuiacha humo. Picha inapendeza wiki ya kwanza. Lakini weupe umeshapungua, hauwezi kurudi, na karatasi isiyo na vanishi imepata kinga ndogo tu. Kati ya njia zote zinazojadiliwa hapa, hii ndiyo isiyo na mtetezi anayestahili kusikilizwa, na inasikitisha kwamba ndiyo inayofundishwa kwa haraka zaidi.

Nta ya moto

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 65 za Selsiasi. Wachoraji huiongezea ulimbo wa damari, kwa kawaida sehemu nane za nta kwa moja ya ulimbo, ili iwe ngumu zaidi. Pwani yetu iliwahi kulisha soko la ulimbo wa namna hiyo: sandarusi iliyochimbwa Tanganyika ilipitia Zanzibar hadi Salem, Massachusetts, katika karne ya 19, kwa ajili ya watengeneza vanishi. Damari hutoka kwenye miti ya Kusini-Mashariki mwa Asia, lakini inafanya kazi inayokaribiana na hiyo.

Mchanganyiko hupakwa ukiwa wa moto, kisha kila tabaka huyeyushwa tena kidogo kwa joto ili lishikane na lililo chini. Karatasi hunywa nta mpaka ndani na kupitisha mwanga. Ikiwa chini yake kuna ubao wa kahawia, picha yote inakuwa ya kahawia, na ndiyo maana ubao lazima upakwe nyeupe kwanza. Rangi zinazama kwenye ukungu mzito, mistari inalainika, na mchoraji anaweza kukwangua, kuongeza rangi ya nta na kufunika tena. Tokeo ni zuri, lakini ni kazi nyingine. Kuiita umaliziaji wa rangi za maji kunampotosha mnunuzi na kunampotosha mwanafunzi anayetaka kulinda alichokwisha kuchora.

Hatari zake zinajulikana. Nta juu ya karatasi isiyo na ubao hupasuka karatasi ikikunjika. Nta inayopashwa kupita kiasi hutoa moshi unaochoma macho na mapafu, na inaweza kushika moto, kwa hiyo wenye uzoefu huizuia isizidi nyuzi 95 hivi na hufanya kazi palipo wazi. Kwenye baridi ya Ulaya uso wake unaweza kutokwa na utando mweupe, ambao huondoka kwa kusuguliwa kwa kitambaa laini.

Mwanga, jambo ambalo nta hailigusi

Mwaka 1900 wasia wa Henry Vaughan, mkusanyaji wa sanaa wa Uingereza, uliipa nyumba ya sanaa ya taifa ya Dublin picha 31 za rangi za maji za mchoraji Turner, na ile ya Edinburgh picha 38. Sharti lake lilikuwa zionyeshwe mwezi Januari tu, wakati mwanga wa kaskazini ni hafifu sana. Vaughan hakuwa anaogopa maji wala vidole. Alijua kwamba kinachoua rangi za maji ni mwanga.

Alikuwa na sababu ya kujua. Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 1888, wanasayansi Russell na Abney walitoa ripoti yao kwa serikali ya Uingereza kuhusu athari ya mwanga kwa rangi za maji. Walianika sampuli juani kwa muda mrefu wakaona nyingi zikipauka. Walipozifunga sampuli nyingine katika mirija iliyoondolewa hewa na unyevu, rangi nyingi zilistahimili.

Watetezi wa nta wakati mwingine huitumia hoja hiyo: ikiwa oksijeni na unyevu ndivyo washirika wa mwanga, basi nta inayozuia hewa itapunguza upaukaji. Kimsingi wazo si la kipuuzi. Lakini mrija uliofungwa na kuondolewa hewa ni kitu kimoja, na tabaka la nta lililosuguliwa kwa kitambaa ni kitu kingine. Oksijeni hupita kwenye nta polepole, na nyuma ya karatasi au ubao bado kuna hewa. Nta haichuji mwanga unaoonekana, wala haizuii urujuanimno kwa kiasi cha kutegemewa. Baadhi ya vanishi za akriliki zina kichujio cha urujuanimno, na hizo zinasaidia, lakini mwanga unaoonekana peke yake unatosha kuzipausha rangi dhaifu. Ndiyo sababu makumbusho huweka kiwango cha mwanga cha lukisi 50 kwa kazi za karatasi, hata zikiwa nyuma ya kioo bora.

Kinga dhidi ya mwanga huanzia kwenye sahani ya rangi. Nyekundu ya kale ya alizarini itapauka ikiwa na nta au bila nta. Mbadala wake wa kwinakridoni hustahimili zaidi, nazo rangi za udongo hazina wasiwasi mkubwa. Mchoraji anayetumia rangi inayopauka kisha akatumaini nta imwokoe ameomba msaada mahali usipopatikana. Kuna hasara nyingine inayojificha: picha iliyo nyuma ya kioo cha kawaida inaweza kuhamishiwa kioo chenye kichujio baada ya miaka kumi, na kuanzia hapo ikalindwa vizuri zaidi. Iliyotiwa nta na kuachwa wazi imebaki na kinga ya siku ile iliyomalizwa.

Joto na unyevu wa kwetu

Maelekezo mengi ya nta yameandikwa kwa nyumba za nchi za baridi. Pwani ya Afrika Mashariki unyevu wa hewa huzidi asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kuvu huanza kustawi kwenye kiwango hicho. Nta mbele ya picha hupunguza unyevu unaoingia upande mmoja. Nyuma isipozibwa, unyevu unapanda kutoka ukutani. Picha ikipakwa vanishi na nta ikiwa bado haijakauka ndani, unyevu umefungiwa humo pamoja na gundi na jelatini ya karatasi, ambavyo ni chakula cha kuvu. Kabla ya kupaka chochote karatasi inahitaji siku kadhaa za ukavu wa kweli, na wakati wa masika kazi hiyo ni afadhali isubiri.

Joto ni hatari kubwa zaidi. Nta ya nyuki haihitaji kuyeyuka ili ilete madhara, kwani huanza kulegea karibu na nyuzi 35. Chumba chini ya bati mchana, gari lililofungwa juani, mzigo juu ya basi la kwenda Dodoma au ghala la Muscat mwezi Juni, vyote vinafika huko na kupita. Picha iliyofungwa kwa plastiki itafika ikiwa imeshikana nayo. Anayesafirisha aweke karatasi ya kuokea yenye silikoni kati ya picha na kifungashio, na asirundike picha moja juu ya nyingine.

Kuhusu malighafi tuna bahati. Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazouza nta ya nyuki nje, na Tabora ina historia ndefu ya ufugaji huo. Lakini nta ya kijijini ya njano, yenye mabaki ya gundi ya nyuki, itautia weupe wa karatasi umanjano. Inayofaa ni iliyochujwa hadi ikawa nyepesi. Mshumaa wa dukani mara nyingi ni nta ya parafini inayotokana na petroli, ambayo hulegea katika joto letu, na haufai kabisa kwa kazi hii.

Uzito wa kila upande

Ukiweka misimamo hii pamoja, ugomvi unapungua kuliko unavyosikika. Wahifadhi wako sahihi kwamba nta haiondoleki na haizuii mwanga. Watetezi wa nta baridi wako sahihi kwamba, ikipakwa juu ya vanishi na ubao mgumu, hulinda dhidi ya maji na mikono kwa gharama ambayo watu wanaimudu. Wa nta ya moto wanafanya sanaa halali ambayo haipaswi kupewa jina la kinga.

Kinachoamua ni picha ya nani na ilikusudiwa nini. Picha ya mtu mwingine, ya marehemu, ya kumbukumbu ya familia au ya historia isiguswe na nta kwa hali yoyote. Picha za Joy Adamson za mimea na watu wa Kenya, nyingi zikiwa Nairobi, zina thamani kwa sababu karatasi na rangi vimebaki jinsi alivyoviacha, na hoja hiyo hiyo inahusu picha moja ya babu iliyo kwenye kabati la nyumbani. Hapo kioo chenye nafasi ya hewa, hata kikiwa cha bei ndogo, ni bora kuliko nta ya bei kubwa.

Picha ya mchoraji mwenyewe iliyopangwa tangu mwanzo kuwa bila kioo ni jambo tofauti. Akichagua rangi zinazostahimili mwanga, akachora juu ya ubao au akabandika vizuri, akajaribu vanishi na nta kwenye kipande cha pembeni cha karatasi ile ile, na akaitundika mbali na dirisha la magharibi, amefanya uamuzi unaoweza kutetewa. Uamuzi huo ufanyike kabla ya brashi kulowa. Kuchukua picha nzuri iliyochorwa kwa ajili ya kioo na kuipaka nta kwa kuwa fremu imekosekana ni kuibadilisha kazi baada ya kumalizika, na hakuna njia ya kurudi.

Jumuiya nyingi za rangi za maji hudai kioo au akriliki katika maonyesho yake, kwa hiyo anayetaka kushindana huko asome masharti kabla hajafungua kopo. Na kwa kila picha iliyotiwa nta, mnunuzi na fundi atakayeishika miaka 40 ijayo wana haki ya kujua kilicho juu yake. Nyuma ya ubao yaandikwe kwa penseli majina ya rangi, aina ya vanishi na idadi ya matabaka, aina ya nta, mwaka, na onyo kwamba isipashwe joto wala kusafishwa kwa tapentaini.